Mvivu hafagii uwanja

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 16, niko S.3 katika shule ya kutwa hapa Tororo. Tumepewa mradi, na mimi nilichagua kutengeneza makaa kwa maganda ya matoke. Zimebaki wiki nne tuwasilishe na sijafanya lolote. Nikikaa tu na daftari naona heri nifagie uwanja kwanza. Nikimaliza naomba simu ya mama nitafute habari za mradi, kushtuka saa mbili zimepita niko TikTok. Kazi zote nafanya usiku wa mwisho. Mara nyingine napata alama nzuri, mara nyingine ni aibu. Muhula uliopita mwalimu alisoma kazi yangu mbele ya darasa, watu wakacheka. Mama anasema mimi ni mvivu na naanza kuamini. Ratiba nimechora nyingi, hakuna iliyofika Jumatano. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si TikTok wala kukesha. Ni ule uwanja. Mvivu hafagii uwanja. Mvivu akiikimbia kazi hukimbilia kivulini. Wewe unaikimbia kazi moja na kukimbilia nyingine, ufagio mkononi na jasho usoni.

Kwa hiyo neno hilo tuliweke kando kwanza. Sisemi hivyo ili kukubembeleza. Ukikosea jina la ugonjwa utakosea na dawa. Mvivu husukumwa akaenda. Mwenye hofu ukimsukuma anazidi kurudi nyuma, na nadhani hicho ndicho kinachotokea nyumbani kwenu kila jioni.

Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipofungua daftari la mradi. Sitaki ukumbuke ulichofanya, kumbuka ulichohisi. Nina hakika kuna kitu kilikubana kifuani kabla hata hujaandika neno. Ukainuka, ukashika ufagio, na ile hali ikakuachia. Hiyo nafuu ndiyo mshahara wa kuahirisha, nao hulipwa papo hapo, wakati alama za mradi zitakuja baada ya wiki nyingi. Kesho yake mwili unakumbuka: jana tuliinuka, tukapona. Unainuka tena. Baada ya muhula mmoja imekuwa desturi, na wewe unadhani ndiyo tabia yako ya kuzaliwa.

Wanasaikolojia waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi, kama Timothy Pychyl wa Kanada na mwenzake Fuschia Sirois, waliliandika wazi mwaka 2013: mtu anayeahirisha hupigania kwanza hali ya moyo wake ya sasa hivi, na deni la baadaye anamwachia yule mtu atakayekuwa yeye mwenyewe wiki ijayo. Ndiyo maana ratiba peke yake haikusaidii. Ratiba inapanga saa, na shida yako haiko kwenye saa.

Umri nao una sehemu yake. Ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu afike miaka ya ishirini na kitu. Raha ya sasa hivi ina nguvu kubwa kwako kuliko kwa mama yako. Hilo halikuondolei wajibu, ila lisikufanye ujione una kasoro.

Sasa tutafute ni hisia gani hasa. Wako wanaoahirisha kwa sababu kazi inachosha, na wako ambao kwao kazi ni kubwa mno, haina mlango wa kuingilia. Wako pia wanaoogopa kwamba kazi ikisomwa watu wataona kumbe hana akili kama walivyodhani. Katika barua yako nimeona hayo mawili ya mwisho, na la mwisho ndilo lenye mizizi. Umelitaja kwa sentensi moja ukapita haraka: walicheka. Mtu aliyechekwa mbele ya darasa hujifunza, bila kujua, njia ya kujikinga. Kazi ya usiku mmoja ikichekwa, unaweza kujiambia, "Niliifanya usiku mmoja tu." Kazi ya wiki nne ikichekwa, utajiambia nini? Kuchelewa kumekuwa ngao yako. Sikulaumu kwa kuishika, maana kilichofanyika siku ile hakikuwa haki. Kazi ya mwanafunzi hurekebishwa mezani, haifanywi kichekesho cha darasa. Lakini ngao hiyo sasa inakugharimu kuliko kicheko chenyewe.

Nimekaa na wanafunzi mashuleni huku mashariki kwa miaka mingi, na wengi wa wanaoahirisha niliowajua walikuwa wanajali sana. Nakumbuka mmoja aliyetumia jioni tatu kupamba jalada la ripoti yake. Kalamu za rangi nne, herufi zenye kivuli, mpaka wa maua. Ndani hamkuwa na ukurasa hata mmoja. Nilimuuliza akaniambia, "Mwalimu, jalada nalijua." Sijapata kusikia mtu akiieleza hali hii vizuri kuliko hivyo. Ratiba zako ni jalada, mwanangu. Kuchora ratiba kunakupa ladha ya kufanya kazi bila hatari yake. Kwa wiki hizi nne usichore nyingine.

Badala yake ufanye hivi. Chagua kitendo cha kwanza, kidogo kiasi kwamba hofu haioni sababu ya kuamka. "Kuanza mradi" ni fungu la vitendo labda arobaini, na ndiyo maana mkono hauoni pa kushika. "Kuandika utangulizi" nako bado ni kukubwa. Kitendo ni kama hiki: kuchukua karatasi kuukuu, si daftari safi, na kuandika vitu vitano utakavyohitaji ili maganda yawe makaa. Pipa, kiberiti, unga wa muhogo, kadhalika. Dakika tano. Tena uandike vibaya makusudi, bila kujali mwandiko wala sarufi. Karatasi hiyo hataiona mtu, na kwa aliyechekwa hilo ni jambo kubwa. Mpe akili yako mahali pa kukosea kwa siri kabla hujaipeleka hadharani.

Dakika tano zikiisha una ruhusa ya kuacha. Ruhusa ya kweli kabisa, usijidanganye, maana ukijidanganya mara moja kesho hutajiamini. Mara nyingi utaona unaendelea, kwa sababu kilichobana kilikuwa kizingiti. Ndani ya nyumba kwenyewe si kubaya hivyo.

Halafu kifunge kitendo hicho kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Usiseme "kesho jioni nitasoma." Sema: "Nikimaliza kuosha vyombo vya chakula cha jioni, nitakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, nitaandika vitu vitano." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alilipima jambo hili na mwenzake mwaka 1997. Wanafunzi waliombwa waandike ripoti fupi ndani ya siku mbili baada ya mkesha wa Krismasi, wakati ambao kila mtu anajua hakuna anayetaka kushika kalamu. Nusu yao waliombwa waseme pia wataiandikia wapi na saa ngapi. Kati ya hao, karibu robo tatu waliimaliza kwa wakati. Kati ya wale wengine, karibu theluthi moja tu. Tofauti ilikuwa sentensi moja. Vyombo vikikauka, kiti kinakuita, na hubaki na mjadala kichwani wa kama nianze sasa au baadaye. Mjadala huo ndio unaokushinda kila siku.

Sasa tuje kwenye mradi wenyewe, maana umechagua mradi ambao hauwezi kufanywa usiku mmoja hata ukikesha na kijiji kizima.

Maganda mabichi yana maji mengi. Lazima yaanikwe mpaka yavunjike mkononi, na kwa jua zuri hiyo ni siku mbili au tatu, mvua ikinyesha zaidi. Kisha yanachomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka yawe meusi bila kuwa majivu, na hapo wengi huharibu mara ya kwanza. Kisha unayatwanga, unachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo ili yashikane, unayafinyanga au kuyakandamiza, na unayaanika tena siku kadhaa. Ukiyawasha yangali na unyevu yatatoa moshi na kukatika, na hapo ndipo watu wangecheka kweli. Hesabu mwenyewe: karibu wiki nzima katika mradi wako ni ya jua, na jua halibembelezwi.

Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma, kuanzia siku ya kuwasilisha. Wiki ya mwisho iwe ya ripoti na ya kuwasha makaa mbele ya mtu, ukipima yamechukua dakika ngapi kuchemsha sufuria ya maji ukilinganisha na makaa ya kawaida. Wiki inayotangulia hiyo iwe ya kurudia kilichoharibika. Usiifute wiki hiyo hata ukijiamini vipi. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34. Wakaulizwa tena, je, mambo yote yakienda vibaya? Wakasema siku 48 na kitu. Walimaliza kwa siku 55. Hata walipojitahidi kuwaza mabaya, hawakuyafikia. Binadamu tumeumbwa kukadiria safari kana kwamba njiani hakuna tope.

Ukihesabu hivyo utaona kwamba kuanika kunatakiwa kuanze wiki hii hii. Na kuanika maganda si kazi ya kutisha. Hakuna anayecheka maganda yaliyo juani.

Umesema mara nyingine kazi ya usiku mmoja inakupa alama nzuri. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu kila ushindi wa namna hiyo unaulisha mtego. Wengi husema "mimi nafanya vizuri nikibanwa." Mwaka 1997 Dianne Tice na Roy Baumeister wa Marekani walifuatilia wanafunzi wa chuo muhula mzima. Mwanzoni waahirishaji walikuwa na raha kuliko wenzao, mawazo machache na magonjwa machache. Mwisho wa muhula mambo yaligeuka: walisongwa zaidi, waliugua zaidi, na alama zao zilikuwa za chini. Kubanwa hakukuongezei akili. Kunakuondolea nafasi ya kuogopa tu, kwa sababu muda wa kuogopa umekwisha. Tukipunguza hofu kwa njia nyingine, huhitaji kubanwa.

Na wewe umekutana na mtaala ambao hauwapendelei wakeshaji kama ule tuliosomea sisi. Zamani tuliweza kulegea miaka mitatu na kukaza miezi ya mwisho ya S.4, maana alama zote za UCE, cheti cha kumaliza S.4, zilikuwa katika karatasi za mwisho. Mtaala mpya wa kidato cha chini ulianza mwaka 2020, na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ikatahini kundi lake la kwanza mwaka 2024. Sasa asilimia 80 inatoka kwenye mtihani wa mwisho, na asilimia 20 kwenye tathmini endelevu, zile kazi mnazofanya darasani muhula kwa muhula. Mradi nao umo katika masharti ya cheti. Mtu anaweza kuwa hodari wa karatasi na bado akaingia matatani kwa sababu kazi za njiani hazipo. Sikwambii haya kukutisha, hofu unayo ya kutosha. Nakwambia kwa sababu yana upande mzuri kwako: alama zinakusanywa kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndicho kipimo kinachokufaa.

Kuhusu simu nitakuwa mfupi. Usiombe simu ili "utafute habari za mradi." Andika kwanza kwenye karatasi maswali matatu unayotaka kujibiwa, mpe mama karatasi, mwambie akupe simu kwa dakika kumi na tano akiwa amekaa karibu. Maswali yakijibiwa, simu inarudi. Fundi yeyote anayetengeneza makaa ya namna hiyo mjini atakujibu vizuri kuliko video, na mazungumzo yake yatakupa ukurasa mzima wa ripoti.

Na usikeshe. Kwa umri wako wataalamu wa usingizi wanashauri saa nane hadi kumi kwa usiku. Najua shule za kutwa huamsha watu gizani, na saa kumi ni ndoto. Lakini kichwa kisicholala hukasirika na kuogopa upesi, na wewe hofu ndiyo tunayoipunguza.

Hapa naomba nizungumze na mama yako kidogo, kama utakubali kumsomea. Mama, nakuheshimu, na najua unamwita mvivu kwa uchungu wa kumpenda. Naomba ujaribu wiki nne bila neno hilo. Na nina swali: jioni huyu binti anabeba majerikeni mangapi, anapika, anaogesha wadogo, halafu anakaa na daftari saa ngapi? Ikiwa ni saa tatu usiku na taa imefifia, basi sehemu ya tatizo si kuahirisha hata kidogo. Ni uchovu. Sikuombi umwondolee kazi za nyumbani. Naomba nusu saa moja, ile ile kila siku, ambayo hakuna atakayemtuma dukani. Ikibidi aifidie asubuhi. Na akikuonyesha karatasi mbaya yenye vitu vitano, usiisahihishe. Mwambie umeiona.

Turudi kwako. Kuna siku utashindwa. Utamaliza vyombo na utakwenda kulala, au simu itakumeza. Nisikilize vizuri hapa, maana wengi huangukia hapa: usijiapize. Umeniandikia kwamba kila kazi unaifanya usiku wa mwisho, na kwa maneno hayo nasikia miaka ya kujihukumu. Kujilaumu kunaonekana kama adabu, kumbe kunaongeza lile lile linalobana kifuani, na kesho utakuwa na mawili ya kukimbia, mradi na aibu ya jana. Mwaka 2010 Pychyl na wenzake walifuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo waliokuwa wameahirisha kusoma kwa ajili ya mtihani wa kwanza. Waliojisamehe hawakuahirisha sana kama wenzao kwa mtihani wa pili. Kujisamehe si kusema haidhuru. Ni kusema, "Jana nilikimbia, ilinigharimu, leo narudi kwenye kiti," kisha kurudi kwenye kiti. Bila kufidia mara mbili, bila ratiba mpya. Dakika tano zile zile.

Na ukiona hali hii imetoka kwenye masomo ikaingia kila mahali, hulali, huli, hupendi tena vitu ulivyovipenda, hiyo si kuahirisha, na usiibebe peke yako. Nenda kwa mwalimu mlezi wa wasichana hapo shuleni. Ukishindwa kumfikia, namba 116 ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure Uganda nzima, na watakusikiliza.

Jambo moja la mwisho, kuhusu kicheko. Kabla ya kuwasilisha, mkabidhi mwalimu wako ukurasa mmoja wa ripoti wiki mbili mapema, ukiwa bado mbaya, na umwombe akuambie kitu kimoja cha kurekebisha. Najua utatetemeka. Lakini kazi iliyopita mkononi mwa mwalimu kwa faragha ni vigumu kuwa kichekesho hadharani, na utakuwa umeonyesha kazi isiyokamilika ukabaki salama. Kwa mtu aliyechekwa, hilo lina thamani kuliko alama ya mradi wenyewe.

Leo nyumbani mkimenya matoke, maganda msimpe mbuzi. Tafuta gunia kuukuu, lichane, litandaze pale ulipofagia, uyaanike. Andika tarehe ya leo kwenye karatasi yako mbaya, na kila jioni baada ya vyombo yavunje machache kwa mkono uone kama yako tayari. Kisha niandikie uniambie yamechukua siku ngapi.